Nafasi ya Goti

Kule Choteau, Montana, baridi huuma hata chuma.
Orville Tangen alinifunza kufunga ala ya bunduki:
chini ya paja la kulia, kitako juu, kikielekea nyuma,
mtutu ukilala sambamba na mbavu za farasi.
"Usiivae mgongoni," alisema. "Tawi la msonobari
halijui kuomba radhi."

Na ukishuka, shuka nayo.
Farasi akinusa dubu hakungoji;
ataondoka na risasi zako zote,
akuachie kipande cha hatamu na sala.

Miaka kumi na tisa walipanda milima pamoja:
yeye, farasi jike mwekundu aitwaye Tansy,
na bunduki hiyo iliyolia, nimeuliza, mara tisa tu.
Kazi yake kubwa ilikuwa kubebwa.
Ilikwaruza tandiko, ikachubua suruali,
ikaufundisha mguu kujitenga.

Tansy kafa. Bunduki i juu ya kabati.
Orville huenda dukani kununua maziwa
kwa miguu, theluji ikilia chini ya buti.
Mtazame kwa nyuma:
goti la kulia bado limebenuka,
limekiachia nafasi
kitu kisichokuwepo.