Nyuzi Kumi na Moja

Nilimwaga maharage mezani kwa Darikela,
tisa, mekundu, kila moja kijiji,
na chumvi niliyoitawanya katikati
ni theluji ya Svaneti
inayokaa miezi sita bila kukaribishwa.
Mkobani nina fedha za nyuzi kumi na moja.
Si kumi na mbili. Mfadhili wa Tbilisi alihesabu mara mbili.

Kukiunganisha kila kijiji na kila kijiji:
nyuzi thelathini na sita.
Darikela akacheka, akachochea kuni.
"Hata harusini si kila mtu hucheza na kila mtu."

Nikajaribu nyota:
nyuzi nane, zote zikielekea Mestia.
Rahisi, nafuu; ujumbe unaruka mara mbili tu, umefika.
Darikela akaokota harage la katikati
akalitia mfukoni mwa aproni.
Manane yaliyobaki yakawa maharage tu.

Kamba hukatikia pabovu, ndivyo tulivyofunzwa.
Lakini mimi silipwi kuzuia kukatika;
mlima una deni lake, na Februari huja kulidai.
Nalipwa kuuliza: ikikatika hapa,
nani atabaki akiongea peke yake?

Duara, basi. Vijiji vinane vimeshikana mikono.
Kata pamoja, na habari itazunguka uani
kama mgeni aliyekuta mlango wa mbele umefungwa.
Kata pawili, una vipande viwili vya kamba
vinavyoitana bila kusikiana.
Cha tisa, Khaldrashi, kimejibanza nyuma ya mwamba:
uzi mmoja, mrefu, na samahani.
Samahani hiyo niliiandika kwenye ripoti.
Waliifuta.

Zikabaki nyuzi mbili za kukatisha duara.
Ya kwanza haikuleta ubishi.
Ya pili kompyuta iliitafuta usiku kucha, ikaichagua:
kutoka paa la Chartolani hadi paa la Margiani,
ng'ambo ya mto Inguri, mita mia nane,
hakuna mti, hakuna mwamba, anga tupu.
"Hapo hapana," alisema Darikela.
"Kwa nini?"
"Ng'ombe. Enzi za babu wa babu zao.
Halafu bunduki."

Hesabu haimjui ng'ombe yule.
Nikapanda kwa Bimurza Chartolani na chupa ya asali.
"Nikatazame nini kule?" aliuliza.
"Hutatazama wewe. Itatazama sahani."
Ng'ambo, Otia Margiani aliuliza vilevile,
neno kwa neno; nikamjibu vilevile.
Kila mmoja alipanda mnara wa mawe wa ukoo wake
na antena mgongoni, siku tofauti,
wasije wakaonana.

Februari nilikuwa Kutaisi, soksi zikikauka kwenye hita,
mistari miwili ilipogeuka myekundu kwa mpigo.
Maporomoko. Pawili.
Nikatazama namba: milisekunde kumi na mbili
zikawa ishirini, zikawa arobaini na moja,
zikatulia.
Sijawahi kupenda ucheleweshaji kama ule.
Maana yake mtu anazunguka. Maana yake ipo njia.

Mimi huona uzito wa maneno, sioni maneno.
Darikela ndiye aliyenisimulia yaliyopita juu ya Inguri:
orodha ya dawa za sukari, matokeo ya mpira,
picha ya ndama, na bibi mmoja akiuliza
kama na kwenu umeme umekatika.

Chartolani na Margiani bado hawasalimiani.
Sahani zao zinatazamana usiku kucha,
theluji imewafika shingoni,
hazijapepesa.

Khaldrashi ilinyamaza siku nne.
Siku ya tano waliteremka kwa miguu kuuliza habari,
na hakuna aliyenilaumu, ndiyo maana silali.
Naandika tena kwa Tbilisi, barua fupi.
Naomba uzi wa kumi na mbili.
Nimefunga na harage moja ndani ya bahasha.