Kitovu cha Buni

Asubuhi nazimimina buni ndani ya beseni
na maji yanaamua.
Nzito huzama. Nyepesi huelea,
zikizunguka ukingoni kama wageni
wasiojua wakae wapi.
Mwaka aliozaliwa Khainza zilielea kumi, kumi na mbili,
tukawarushia kuku.
Leo nazikomba kwa bakuli.

Napasua moja kwa ukucha.
Hapo kitovuni pana tundu la ncha ya sindano,
na ndani, gizani, yumo yeye,
mweusi, mdogo kuliko punje ya ulezi,
na wanawe weupe wanakula kuta za nyumba.
Bwana shamba alituambia dume haruki:
huzaliwa humo, huoa humo, hufa humo,
asijue kama kuna mlima.
Anayetoka ni jike.
Jike na mimba yake.
Hewa ikipata joto, anapanda.

Zamani tulimwita mdudu wa bondeni.
Baba yangu Wandeka alishuka Mbale kuuza malewa,
akarudi anacheka: huko chini wanavuna matundu!
Sisi huku juu ya Budadiri tulikuwa na baridi.
Haikudai mshahara,
ililala mlangoni kama mbwa,
na ilituuma sisi pia, vidole, masikio,
sweta la mtumba mpaka saa nne.
Tuliilaani kila alfajiri.
Nani angejua kwamba tunamtukana mlinzi?

Iliondoka siku gani? Haikuaga.
Ukungu ulianza kuchelewa, kisha kukosa siku,
kama mtoto aliyechoshwa na shule.
Mwaka mmoja tundu lilionekana kwa Namono, kule mtoni.
Mwaka wa pili, nyuma ya kanisa.
Uliofuata nikalikuta kwenye mbuni wa tatu
kutoka jikoni kwangu.
Nikaifunga ile buni kwenye pindo la leso kama sarafu
nikampelekea mume wangu: tazama, amefika.
Akasema: nani?

Sasa tunaning'iniza chupa za soda
zilizopakwa rangi nyekundu,
ndani waragi, vidole viwili.
Jike huipenda harufu, huingia, huzama.
Mafabi wa jirani naye huipenda.
Jumatatu chupa zote za upande wake zilikuwa kavu
na mdudu hakuhusika.

Shemeji zangu wamehamishia miche juu zaidi,
juu mpaka kwenye mawe ya mpaka wa hifadhi.
Hapo askari wa msitu husimama na bunduki, husema: mwisho.
Mwisho wetu, anamaanisha.
Nilidhani yule mdogo atampita katikati ya miguu,
aendelee zake hadi kwenye mianzi.
Lakini ataishia pale tutakapoishia,
maana anakula tunachopanda.
Kamba ni moja, yeye na mimi,
na anayeivuta hayupo mlimani.

Sitasema uongo, kuna usiku namwonea wivu.
Hana mkopo wa chama. Hana karo ya muhula wa pili.
Joto likibadilika, yeye hubadilisha mtaa.
Khainza aliniuliza: mama, nani alimwonyesha njia?
Nikamjibu, mwanangu, fungua mlango saa sita mchana,
simama hapo, utaisikia njia kwenye ngozi yako.

Tumepanda miringaringa kati ya mibuni.
Kivuli chake bado hakitoshi kuku watatu.
Mume wangu anaipimia kimo kwa fimbo kila Jumapili,
anainama, ananyamaza, anarudi ndani.
Ni kama kumpigia mluzi mbwa aliyepotea:
unapiga, unasikiliza,
unapiga tena.

Jioni nimejaza chupa upya.
Juu ya mlima hakuna wingu.
Buni zilizozama ni nusu gunia, nimezifunika.
Nje ya ua Mafabi anakohoa,
kikohozi cha mtu anayepita tu.