Mkalimani

Walinipa karatasi ya mkalimani. Sikuitaka.
Niliitaka ya jumbe, yenye kilemba na maneno mengi,
au hata ya mzungu wa kampuni, na ile kofia ya boksi
ambayo Shekiondo aliipaka chokaa usiku kucha.
Mkalimani hana lake, nilimwambia mwalimu.
Alikuwa akihesabu nauli ya kuturudisha Pangani.
Hakuinua uso. "Ndiyo maana nimekupa wewe."

Ukumbi ulikuwa Chumbageni. Feni mbili, moja mgonjwa.
Shule kumi na moja, na mada ubaoni kwa chaki ya buluu:
MASHAURI NA MIKATABA YA KALE:
NANI ALISEMA, NANI ALISIKIA?
Wa Lushoto walikuja na masweta yao,
wakatota kabla ya saa nne.
Wa Muheza walikuja na machungwa,
wakagawia kila mtu isipokuwa majaji.
Hiyo nayo ni diplomasia, alisema Mwanamkasi,
akimenya la pili.

Igizo tulilitunga wenyewe:
mji usio kwenye ramani, jumbe tuliyempa jina kwa kura,
mkataba wa ukurasa mmoja.
Mzungu anasema neno lake.
Nalipokea, naligeuza, namkabidhi jumbe: "Urafiki."
Jumbe anajibu: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."
Nami, mazoezi yote, kwa sauti ya kasuku:
"Amekubali."

Siku ile nikakwama.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
nilitazama kofia ya boksi, chokaa ikimdondokea begani,
nikajiuliza, kupona huku nakupeleka vipi ng'ambo?
Kule kuna neno la kukubali, kuna neno la kukataa.
La kumkaribisha mtu
huku unahesabu vijiko, sikuliona.

Mwalimu ananikodolea macho.
Mshika saa keshainyanyua kengele ya baiskeli.
Nikamgeukia jumbe, nje kabisa ya karatasi:
"Bwana, alilotamka ni urafiki.
Alilokwisha kuandika ni ardhi.
Nikutafsirie lipi, mdomo au mkono?"

Mwanamkasi akavua kilemba.
"Mbona jana hukusema?"
Ukumbi ukaangua kicheko,
ila yeye hakucheka. Aliuvuta mkataba,
akaugeuza chini juu, akautazama mgongoni
kama mama anayekagua kanga dukani.
Shekiondo, maskini, alikuwa amebakiwa na mstari mmoja:
"Weka alama hapa."
Aliusema mara tatu. Kila mara kwa sauti ndogo zaidi.
Kengele ikalia, hakuna aliyetia wino.

Jaji mwenye miwani ya kamba akauliza:
"Chanzo chenu ni kipi?
Wapi imeandikwa kwamba mkalimani aliuliza?"
Nikasema: "Hakuna, mheshimiwa.
Wala haijaandikwa kwamba alinyamaza."
Akaandika kitu. Baadaye tukajua ni alama nne, zimekatwa.

Walishinda wa Lushoto, na haki yao:
waliifuatilia barua moja mikononi mwa matarishi sita,
na kila tarishi walimjua kwa jina na kwa ujira.
Sisi wa tano. Zawadi, boksi la chaki.
Shekiondo alinifuata bombani, chokaa hadi kwenye nyusi.
"Umeniacha peke yangu pale mezani," akasema.
Kweli. Sikuwa na jibu.
Nilimshikia bomba akanawa.

Nyumbani nikamkuta mama na karatasi za mkopo,
za kikundi chao cha kusuka makuti,
kurasa nne, herufi kama mayai ya chawa.
Bwana mkopo anapita kesho asubuhi.
"Amesema ni kawaida tu. Nionyeshe pa kutia sahihi."
Nikavuta kigoda, nikaanza juu kabisa, kwenye nembo.
"Fupisha," akasema, "mchuzi unaungua."
Nikasema, utie maji.

Kalamu alikuwa ameishika, kifuniko mdomoni.
Nikamwomba kifuniko.