Zamu ya Jina

Siku ya sita, na kisanduku cha jina bado kitupu
kwenye tangazo la kizazi tulilopewa Mawenzi.
Nesi aliandika uzito, kilo tatu na nukta mbili,
akaandika saa, akaandika jinsi.
Penye jina akainua kalamu:
"Hapo mtamalizana wenyewe nyumbani."

Nyumbani hapakuwa na cha kumalizana.
Kwa watu wa Machame majina yana foleni,
binti wa kwanza ni wa bibi mzaa baba,
wa pili ni wa bibi mzaa mama,
na wewe, mwanangu, kabla sijakujua unapiga teke upande gani,
ulikuwa Apaikunda.
Nilishalitarizi kwa uzi wa njano
pembeni mwa shuka lako.

Kisha Apaikunda mwenyewe akateremka mjini
na sufuria ya mtori imefungwa kwa khanga,
haikumwagika hata tone.
Akakupakata, akakunusa utosi, akakurudisha.
Akaketi kumenya ndizi za kesho, mgongo kwangu.

"Mume wako ana wadogo wawili wa kiume," akasema.
"Mimi nitaitwa tu.
Hata nikichelewa, foleni inanijua.
Ila kuna mtu hana zamu."

Kisu kikasimama.

"Wifi yangu."

Shangazi! Kwenye simu yangu yupo kama Shangazi Ada.
Miaka thelathini sokoni Kiboriloni, chane kwa chane,
na karo ya baba yako ya kidato cha tatu
ilinuka ndizi mbivu hadi mhasibu akafungua dirisha.
Hakuzaa, basi hakuna aliyemwita mama fulani.
Nimeolewa mwaka wa nne, na ilinibidi niulize,
nikiwa na aibu usoni kama homa:
jina lake hasa ni nani?

"Aikaruwa."

Asante, ee Mungu.
Ndivyo wazazi wake walivyosema siku aliyozaliwa.
Tangu siku hiyo, sijui ni nani mwingine
aliyetamka asante na jina lake
kwa pumzi moja.

Babu yako alipopigiwa simu alikohoa kwanza.
Ni dada yake, tumbo moja, ziwa moja,
lakini akasema: "Mgomba usiozaa
haung'olewi chipukizi ukapandwe kihamba kipya.
Mnamtakia nini mtoto?"
Bibi yako hakubishana na simu.
Alipanda kwenda Machame jioni ileile,
akachuma jani la sale mpakani,
akalifunga fundo, akalilaza kwenye goti la mumewe,
akasimama.
Sale likishawekwa, mtu wa kwetu hakatai.
Anaweza kununa, na alinuna,
siku tatu, hadi chai aliinywa akitazama ukuta.

Mimi nikafumua uzi wa njano.
Matundu ya sindano yamebaki, ukilishika shuka juani
utamsoma bibi yako humo.

Shangazi alikuja alipomaliza kuuza,
viganja vyeusi kwa utomvu, hakutaka kukushika.
Tulipomwambia hakulia.
Aliuliza: "Mmeandika na w?
Kwenye kadi yangu ya kura waliiruka."
Nikamwonyesha kisanduku. Akafuata herufi kwa ukucha,
moja moja, kama anayehesabu chenji
aliyorudishiwa na mtu asiyemwamini.

Akaenda kunawa. Akanawa tena.
Akainama kitandani kwako, akalitamka
kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu dukani
akijua hana hela:
"Aikaruwa?"

Ulikuwa umelala, ngumi shavuni.
Akangoja kidogo.
Kisha, kwa niaba yako, taratibu,
akaitika mwenyewe:
"Abee."