Wa Mwisho Kuinama

Nilimsomea mama, tukianua dagaa Igombe,
habari za Iskanderia, enzi za Warumi:
alfajiri ardhi ikatikisika,
kisha bahari ikajikunja kama mkeka,
ikaacha samaki wakipapatika topeni
na merikebu zimelala ubavu.
Watu wakashuka, wakaokota kwa mikono.

"Kwa mikono?" Mama akaacha kuanua.
"Hata ndoo hawakubeba?"

Nikaendelea: maji yakarudi, marefu kuliko kuta,
yakapandisha merikebu juu ya mapaa.

Hakuuliza mfalme, wala mwaka.
Aliuliza nani alikuwa wa mwisho kuinama.

Nakumbuka Septemba ile, Bukoba ilipobomoka.
Huku kwetu sufuria ziligongana tu,
mawe ya mlimani yakabaki yamepakatana.
Lakini mama alitoka mbio, kiatu kimoja,
hadi ufukweni, akasimama
akiliangalia ziwa
kama mdeni mwenye ahadi nyingi.

Basi hadi leo, maji yakivutika hata hatua tatu,
huwaita watoto wa Kabula kwa ukali,
na dagaa waliobaki mchangani
huwaachia yangeyange.