Chupa ya Saba

Mwezi wa nane, Hombolo. Upepo hauna adabu,
unaingia ghalani bila hodi
na kuacha vumbi jekundu juu ya karatasi zangu.
Nina kalamu, bilauri, na ndoo ya kutemea.
Naonja, natema, naandika.

Ya kwanza: haina kosa. Haina neno pia.
Ya pili: sukari inaficha uvivu.
Ya tano: pipa limesema, zabibu imenyamaza.
Chama kinanilipa kwa chupa;
ulimi wangu ni jembe la kibarua,
jioni haukumbuki umelima nini.

Ya saba ni ya Ndahani Masinga,
aliyekaa mlangoni, kofia magotini,
kama mzazi anayengoja matokeo ya mtihani.
Hiyo niliijazia ukurasa mzima.
Ukali unawahi, tunda linachelewa.
Maganda yamelala humo siku mbili za ziada.
Mwishoni uchungu, wa mbegu iliyotafunwa kwa bahati mbaya.
Na chini ya yote, moshi.
Nani aliwasha moto karibu na mapipa?

Nilimsomea. Hakubisha.
"Moshi ni mama," alisema.
"Jikoni kwake paa liling'oka, akahamia kwangu na chungu chake cha mlenda."
Akanyamaza, akageuza kofia.
"Lakini ndugu mwonjaji, zile sita umezitema.
Hii ya saba umeitema wapi?"

Nikatazama ndoo.
Nikatazama bilauri: kavu hadi kitakoni.

Bibi yangu kule Mvumi alikuwa na ungo
na jino moja la kuaminika.
Alirusha uwele, akapuliza, akainama,
akalitoa jiwe dogo kama yai la chawa
na kulitukana kwa Kigogo mpaka sisi wajukuu tukaziba masikio.
Punje iliyovunjika aliijua, iliyoliwa na mdudu aliijua,
hata iliyokopwa kwa jirani.
Wageni walidhani anauchukia uwele.
Alikuwa na njaa tu,
na ugali wa jioni alikuwa ameanza kuula tangu pale, kwa vidole.

Zile sita nilizisamehe upesi.
Ya kwanza sikuigombeza hata kidogo,
na sasa sikumbuki ilikuwa nyeupe au nyekundu.

Fomu ya chama ina mstari wa rangi,
mstari wa harufu, mstari wa ukakasi.
Wa koo haupo.
Nikaandika: alama sitini na moja.
Akaitazama ile sitini na moja
kama mtu anayetazama mbuzi aliyekonda, lakini wake.

Nikageuza karatasi, upande usio na mistari:
Ukali, urekebishe.
Maganda, yatoe mapema.
Moshi—

hapo kalamu ikagoma.
Nikamsogezea bilauri.
"Mimina tena, Ndahani.
Hili la moshi sijalichunguza vizuri."