Mkia wa Kilima

Billingham, saa tisa na dakika arobaini usiku.
Nje, Januari inakwaruza madirisha kwa mvua ya barafu.
Ndani, nimevikwa nyeupe hadi utosini;
macho tu ndiyo yaliyobaki kuwa mimi.

Siku tatu tumewalisha bakteria
ndani ya pipa la chuma
refu kuliko nyumba niliyopanga:
sukari, hewa, joto la kwapa.
Jana tukawaua.
Hapa kazini neno lake ni kuvuna,
lakini kwetu tulilima, najua tofauti
ya kukata suke
na kupasua kaya nzima, ukuta kwa ukuta,
kutafuta kitu kimoja walichokificha tumboni.

Kitu chenyewe ni kimeng'enya.
Siku moja, kikiingia kwenye damu ya mtoto mgonjwa,
kitakula chakula cha saratani
kabla saratani haijaketi mezani.

Siku moja. Kwa sasa ni supu:
maganda ya seli, nyuzi za urithi, utelezi,
rangi ya maji yaliyooshea sufuria ya maharage.

Shangazi Mwanamize alinifundisha kukamua nazi.
Tui la kwanza, tui la pili,
na lile la tatu jepesi la kuchemshia,
kisha chicha kwa kuku.
Hapa mambo yamepinduka.
Chujio ndilo linaloshika tunachokitaka,
na kinachopita, chote, ni taka.
Halafu tunaleta chumvi, kidogo kidogo,
kukibembeleza kile kilichong'ang'ania
mpaka kiachie.

Kwenye skrini mstari umelala
kama mgonjwa aliyegeukia ukuta.
Doreen Pallister hakai.
Miaka thelathini na moja katika jengo hili,
wiki tatu tu kabla ya kustaafu,
pua yake haisikii tena harufu yoyote
isipokuwa, anasema, ya mvua.

Mstari unainuka.
"Sasa."
Nafungua vali, chupa inapokea.
Kilima kinapanda, kinafika kileleni,
kinateremka upande wa pili taratibu, bila haraka,
na pale chini kinaburuta mkia.

Mkia ndio ugomvi.
Ndani yake zimo gramu sita, labda saba, nzuri kabisa,
zimeshikana mikono na uchafu
unaofanana nazo kama pacha na pachaye.

"Kata," anasema Doreen.
Mkono wangu uko kwenye kitufe, haushuki.
Nimelelewa kulamba mwiko.
Nimelelewa kuokota punje iliyoangukia mkekani.
Gramu saba, nasema, ni watoto wangapi?

Haniangalii. Anaangalia mstari.
"Usihesabu hivyo. Mhesabu yule mmoja
atakayeamka usiku na homa
kwa sababu yako."

Nikakata.

Ule mkia ukateremka kwenye bomba la taka
bila sauti. Nilikuwa nimetegea sauti.

Tulianza na gramu mia moja na tisini.
Kila chujio lina ushuru wake.
Asubuhi hii zimesalia mia na nne,
angavu, hazina rangi, hazina harufu;
ukiziona utadhani mtu amesahau maji kwenye chupa.

Kwenye daftari naandika kwa wino, kwa kuwa penseli ni marufuku:
kilichopotea, 6.8.
Naandika saa. Naandika jina langu lote, hata la babu.
Doreen anatia sahihi kama shahidi,
kisha anakaa na kalamu mkononi
muda mrefu kuliko sahihi inavyohitaji.

Basi la saa moja asubuhi.
Shakwe wanagombania kifuko cha chipsi kituoni,
mvuke wa kiwanda cha jirani umelala juu ya mto Tees.

Nyumbani nachagua mchele chini ya taa ya jikoni,
naupepeta, naosha maji mara tatu mpaka yanatakata.
Napika. Nakula nimesimama, viatu miguuni.

Chuya moja ilinipita.
Ililia chini ya jino.

Nikaitafuna.